Kupanga madaraja ya trafiki kwenye laini moja ya ofisi, kwa MikroTik

Simu za ofisi zikianza kukatikakatika saa nne asubuhi, lawama ya kwanza huwa ni kwamba intaneti ni ndogo. Mara nyingi laini inatosha, tatizo ni foleni. Kompyuta moja inapakia faili kubwa kwenye wingu, modemu inazipanga pakiti zake kwenye bafa (kumbukumbu ya kusubirishia), na pakiti ya sauti yenye baiti 200 tu inakaa nyuma yake kusubiri. Bafa ya kilobaiti 256 kwenye laini inayopakia kwa Mbps 2 huchukua sekunde nzima kumalizika, na hakuna mazungumzo yanayovumilia sekunde nzima. Ukinunua kasi zaidi foleni itapungua, lakini siku backup nayo ikiongezeka utarudi pale pale. Dawa ni kuigawa trafiki kwa madaraja, yaani makundi ya kipaumbele, ili ruta iitangulize sauti.

Mfano wetu ni ofisi ya watu kama 25: laini moja ya Mbps 20 za kupakua na Mbps 10 za kupakia, simu kumi za IP (zinazopita kwenye mtandao) kwenye subneti yao, yaani kundi lao la anwani, 192.168.20.0/24, mikutano ya video, kamera za usalama na backup ya kila siku. Ruta ni ya kampuni ya MikroTik, yenye mfumo wake wa RouterOS 7, na laini ya nje imechomekwa kwenye `ether1`. Namba zako zitakuwa tofauti, ila mpangilio ni ule ule.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kugusa chochote

Chomeka kompyuta kwa waya, si kwa Wi-Fi. Anzisha `ping 1.1.1.1` wakati laini imetulia, uandike muda unaouona. Kisha, ping ikiendelea, pakia faili kubwa kwa dakika moja. Halafu pakua faili kubwa kwa dakika moja. Ping ikiruka kutoka milisekunde 20 hadi 400 wakati wa kupakia, foleni ndiyo inayokuumiza na mwongozo huu utakusaidia. Ikibaki 25 na simu bado zinakatika, acha kusoma hapa na uende kuchunguza waya, Wi-Fi au mtoa huduma ya simu, kwa sababu kipaumbele hakitibu pakiti zinazopotea kwa waya mbovu.

Hakitibu umbali pia. Mwanga ndani ya nyuzi hutumia takriban milisekunde 5 kwa kila kilomita 1,000 kwenda tu. Setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta inakula karibu robo ya sekunde kwa upande mmoja, na hakuna amri ya ruta inayofupisha hilo.

Pima pia kasi halisi asubuhi, mchana na jioni, kwa siku kadhaa. Chukua namba ya chini inayojirudia. Namba kubwa uliyoipata saa tisa usiku haina maana kwako, na iliyoandikwa kwenye mkataba ina maana kidogo zaidi.

Hatua ya 2: Amua madaraja, na yawe machache

Manne yanatosha. Wengi huanza na manane kwa sababu RouterOS ina vipaumbele nane, halafu baada ya miezi mitatu hakuna anayekumbuka daraja la sita lilikuwa la nini.

Sauti. ITU-T, kitengo cha viwango cha shirika la kimataifa la mawasiliano, katika pendekezo lake G.114, inataka ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150. Jita, yaani kupishana kwa muda wa kufika kati ya pakiti na pakiti, iwe chini ya milisekunde 30, na pakiti zinazopotea zisifike asilimia 1. Kwa kasi, sauti haihitaji mengi. Kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 hutoa kbps 64, lakini pakiti 50 kwa sekunde kila moja na vichwa vyake vya IP, UDP na RTP hufanya kbps 80, na ukihesabu Ethernet ni 87.2. Kwa G.729 hesabu hiyo hiyo inafika kbps 31.2. Simu kumi za G.711 kwa wakati mmoja ni kbps 872 kila upande, kwa hiyo tenga Mbps 1.

Mikutano. Video ya 720p hula kati ya Mbps 1 na 2 kwa mtu mmoja. Inavumilia zaidi kuliko sauti kwa kuwa programu hushusha ubora wa picha yenyewe, lakini haitaki kukaa nyuma ya backup.

Kawaida. Kurasa za wavuti, barua pepe, mfumo wa uhasibu, kila usichokitaja.

Mzigo. Backup, kamera zinazopakia kwenye wingu, masasisho ya Windows, mafaili makubwa. Trafiki hii haina haraka. Ipewe kinachobaki, lakini isinyimwe kabisa: ikikosa kila kitu, miunganisho yake inakatika na kuanza upya, na backup ambayo ingemalizika saa sita usiku inakukuta asubuhi.

Hatua ya 3: Ihamishie foleni kwako

Hii ndiyo hatua inayobeba kazi nzima, na ndiyo inayorukwa zaidi. Ruta inaweza kupanga pakiti zilizo kwenye foleni yake tu. Kama laini inapitisha Mbps 10 na ruta yako inatuma kupitia mlango wa gigabiti, ndani ya ruta hakuna foleni kabisa. Foleni iko kwenye modemu, na modemu haijui simu ni nini. Kwa hiyo unabana kasi ya ruta chini kidogo ya kasi halisi. Foleni inahamia kwako, na vipaumbele vinapata cha kupanga.

Kwa kupakia, bana hadi asilimia 90: Mbps 9 kati ya 10. Kwa kupakua ni kugumu zaidi kwa sababu pakiti zimeshapita kwenye laini kabla hujaziona. Unachofanya ni kuzichelewesha au kuzitupa ili TCP ya upande wa pili ipunguze mwendo, na hilo huchukua muda. Acha nafasi kubwa zaidi: asilimia 85, yaani Mbps 17 kati ya 20. Ndiyo, unapoteza Mbps 3. Hizo ndizo bei ya simu zinazosikika.

Na kuna siku ambazo foleni haitakuwa kwako hata ufanye nini. Nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika Mei 2024, msongamano ulikuwa kwenye njia za kimataifa, mbali na ruta ya ofisi yoyote ya Dar es Salaam au Nairobi. Siku kama hiyo kushusha `max-limit`, dari ya kasi utakayoiweka hatua ya 6, kunasaidia kidogo tu.

Hatua ya 4: Zima FastTrack

Mipangilio ya kiwandani ya MikroTik huwa na kanuni ya FastTrack, ambayo huruka mangle (kanuni za kutia alama pakiti) na foleni ili kuokoa nguvu ya prosesa. Ikibaki, utaandika kanuni nzuri na kaunta zake zitasimama karibu na sifuri.

```
/ip firewall filter disable [find action=fasttrack-connection]
```

Gharama yake ni prosesa. Ruta ndogo iliyokuwa ikipitisha mamia ya Mbps bila jasho inaweza kuzidiwa. Wakati wa mzigo mkubwa fungua `/tool profile`; kiini kimoja kikigonga asilimia 100, ruta yenyewe imekuwa foleni mpya. Kwa Mbps 20 hutapata shida hiyo.

Hatua ya 5: Tia alama

Tambua trafiki kwa mahali inapotoka kabla ya kufikiria namba za milango. Simu zikiwa na subneti au VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya mtandao) yake, kanuni moja inatosha na haitaharibika mtoa huduma akibadilisha milango. Milango tumia kwa mikutano: UDP 3478 hadi 3481 kwa Teams, 8801 hadi 8810 kwa Zoom, 19302 hadi 19309 kwa Google Meet.

```
/ip firewall mangle
add chain=forward connection-state=new src-address=192.168.20.0/24 action=mark-connection new-connection-mark=sauti
add chain=forward connection-state=new connection-mark=no-mark protocol=udp dst-port=3478-3481,8801-8810,19302-19309 action=mark-connection new-connection-mark=mkutano
add chain=forward connection-state=new connection-mark=no-mark src-address-list=wazito action=mark-connection new-connection-mark=mzigo
add chain=forward connection-mark=no-mark protocol=tcp connection-bytes=20000000-0 connection-rate=1M-1000M action=mark-connection new-connection-mark=mzigo
```

Orodha ya `wazito` iwe na anwani za mashine ya kamera na seva ya backup. Kanuni ya mwisho ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote: muunganisho wowote wa TCP uliokwisha kupitisha baiti milioni 20 na bado unakimbia zaidi ya Mbps 1 unashushwa daraja bila kujali ni programu gani. Siku hizi karibu kila kitu hupita kwenye mlango 443 kikiwa kimesimbwa, kwa hiyo tabia ya muunganisho inakueleza mengi kuliko namba ya mlango. Video za YouTube zinazopita kwa TCP zitaangukia humo pia, na hazitaumia kwa kuwa zina akiba yake kwenye kichezeshi.

Sasa alama za pakiti, kwa kila mwelekeo:

```
add chain=forward out-interface=ether1 connection-mark=sauti action=mark-packet new-packet-mark=sauti-nje passthrough=no
add chain=forward out-interface=ether1 connection-mark=mkutano action=mark-packet new-packet-mark=mkutano-nje passthrough=no
add chain=forward out-interface=ether1 connection-mark=mzigo action=mark-packet new-packet-mark=mzigo-nje passthrough=no
add chain=forward in-interface=ether1 connection-mark=sauti action=mark-packet new-packet-mark=sauti-ndani passthrough=no
add chain=forward in-interface=ether1 connection-mark=mkutano action=mark-packet new-packet-mark=mkutano-ndani passthrough=no
add chain=forward in-interface=ether1 connection-mark=mzigo action=mark-packet new-packet-mark=mzigo-ndani passthrough=no
add chain=forward in-interface=ether1 action=mark-packet new-packet-mark=kawaida-ndani passthrough=no
```

Mpangilio wa kanuni una maana: alama za muunganisho kwanza, alama za pakiti baadaye, ya `kawaida-ndani` mwisho kabisa. Ukiipandisha juu, itameza zote. Laini yako ikiwa ya PPPoE, weka jina la `pppoe-out1` palipoandikwa `ether1`. PBX yako (mashine inayounganisha simu za ofisi) ikiwa ndani na mlango wake umefunguliwa kutoka nje, ongeza kanuni ya sauti yenye `dst-address` ya PBX, la sivyo simu zinazoingia zitapita bila daraja.

Hatua ya 6: Jenga foleni

```
/queue type add name=fqc kind=fq-codel
/queue tree
add name=nje parent=ether1 max-limit=9M
add name=n1 parent=nje packet-mark=sauti-nje limit-at=1M max-limit=1500k priority=1 queue=fqc
add name=n2 parent=nje packet-mark=mkutano-nje limit-at=3M max-limit=8M priority=3 queue=fqc
add name=n3 parent=nje packet-mark=no-mark limit-at=4M max-limit=9M priority=5 queue=fqc
add name=n4 parent=nje packet-mark=mzigo-nje limit-at=500k max-limit=8M priority=8 queue=fqc
add name=ndani parent=global max-limit=17M
add name=d1 parent=ndani packet-mark=sauti-ndani limit-at=1M max-limit=1500k priority=1 queue=fqc
add name=d2 parent=ndani packet-mark=mkutano-ndani limit-at=5M max-limit=14M priority=3 queue=fqc
add name=d3 parent=ndani packet-mark=kawaida-ndani limit-at=8M max-limit=17M priority=5 queue=fqc
add name=d4 parent=ndani packet-mark=mzigo-ndani limit-at=1M max-limit=15M priority=8 queue=fqc
```

`limit-at` ni haki ya daraja: hupewa kabla ya kipaumbele chochote kuangaliwa. Kipaumbele, 1 kikiwa juu na 8 chini, hugawa kinachobaki tu, na hufanya kazi kwenye foleni za mwisho, si kwa mzazi (`nje` au `ndani`). Kwa hiyo jumla ya `limit-at` za watoto isizidi `max-limit` ya mzazi. Hapa ni 8.5M chini ya 9M, na 15M chini ya 17M. Ukizidisha, ruta haitalalamika. Itaahidi kasi isiyokuwepo na vipaumbele vitaacha kuwa na maana. Mzazi akikosa `max-limit` ni hivyo hivyo.

Sauti imewekewa dari ya 1500k makusudi. Daraja la juu lisilo na dari ni mlango wazi: mtu akichomeka kompyuta kwenye soketi ya simu, backup yake inapita mbele ya ofisi nzima. Dari hiyo inabeba simu 17 za G.711. Weka kikomo cha simu za wakati mmoja kwenye PBX pia, maana simu inayozidi nafasi haiharibiki peke yake. Inaharibu zote zilizoko hewani.

Foleni ya `n3` inachukua `no-mark` kwa sababu pakiti zisizo na alama zingepita nje ya mti mzima bila kubanwa, zikiwemo za ruta yenyewe. Na `fq-codel` ndani ya kila daraja, iliyowekwa rasmi kwenye RFC 8290 (RFC ni hati za kiufundi za intaneti) mwaka 2018, inazuia mtu mmoja kujaza daraja lote peke yake. Kwa ofisi isiyo na simu za IP, kubana kasi na `fq-codel` peke yake vinatosha. Usijisumbue na alama.

Miunganisho iliyokuwa wazi kabla ya kanuni haina alama. Iondoe kwa `/ip firewall connection remove [find]` wakati ambao hakuna aliye kwenye simu.

Hatua ya 7: DSCP, kwa tahadhari

DSCP ni biti sita ndani ya kichwa cha pakiti ya IP, zilizofafanuliwa na RFC 2474 mwaka 1998 mahali palipokuwa pa baiti ya TOS. Sauti ni 46, jina lake EF. Video ya mkutano ni 34, yaani AF41. Mzigo ni 8, yaani CS1. RFC 8622 ya mwaka 2019 ilileta namba 1 kwa kazi hiyo, kwa sababu baadhi ya vifaa vya zamani huiona CS1 kuwa juu ya trafiki ya kawaida, kinyume kabisa cha ulichotaka.

Kwenye intaneti ya kawaida alama hizi hazifiki mbali. Watoa huduma wengi huzifuta au huzipuuza, kwa hiyo usitegemee ziwe na nguvu nje ya ukuta wako. Zina kazi sehemu mbili. Ya kwanza ni laini ya kukodi yenye mkataba wa madaraja. Hapo uliza umenunua EF kiasi gani, na `max-limit` ya sauti isizidi hapo: kinachozidi hutupwa, kikiondoka na maneno ya simu zote bila kuchagua.

Ya pili ni Wi-Fi, na hapa pana mtego. Vifaa vya WMM (mfumo wa vipaumbele wa Wi-Fi) vina madaraja manne, na vingi huchagua daraja kwa kusoma biti tatu za juu za DSCP. Kwa 46 biti hizo ni 5, na 5 kwenye Wi-Fi ni daraja la video, si la sauti. RFC 8325 inashauri EF ipelekwe 6. Kama redio iko ndani ya MikroTik hiyo hiyo, weka mwenyewe:

```
/ip firewall mangle
add chain=postrouting packet-mark=sauti-ndani action=set-priority new-priority=6
```

Kama kituo cha Wi-Fi ni kifaa kingine, tafuta mpangilio huo ndani yake, na kwenye ruta rudisha alama kwa `action=change-dscp new-dscp=46`, maana pakiti zinazoingia kutoka nje mara nyingi huja zikiwa na sifuri.

Usiamini DSCP inayotoka kwenye kompyuta za watu. Programu yoyote inaweza kujiandikia 46.

Kukagua, tumia `tcpdump -v` kwenye kompyuta iliyo njiani. EF itaonekana kama `tos 0xb8`, yaani 184, kwa kuwa zile biti sita zimesogezwa nafasi mbili. Kuna vifaa vinavyodai TOS badala ya DSCP. Ukiandika 46 humo, umeweka DSCP 11, ambayo hakuna anayeitambua.

Hatua ya 8: Jaribu chini ya mzigo

Rudia jaribio la hatua ya 1. Wakati wa kupakia, ping isipande zaidi ya milisekunde 20 au 30 juu ya kawaida yake. Ikipanda zaidi, shusha `max-limit` ya mzazi kwa asilimia 5 na ujaribu tena mpaka itulie. Kisha piga simu mbili kwa wakati mmoja huku backup ikiendelea, na uangalie `/queue tree print stats`. Kaunta ya `n1` lazima ipande simu ikiwa hewani na kutulia ikikatwa. Ikipanda bila simu, kuna kitu kingine kimejipenyeza humo. `dropped` ya sauti iwe sifuri. Ikikua, dari ni ndogo au simu ni nyingi kuliko hesabu yako.

Kaunta zikiwa sifuri kote, FastTrack bado inafanya kazi au jina la `ether1` si sahihi. Kaunta zikiwa sawa lakini kasi ya kupakua inapita 17M, tazama IPv6: kanuni zote za juu ni za `/ip firewall`, na pakiti za IPv6 haziguswi mpaka uziandike upya kwenye `/ipv6 firewall mangle`. Simu ikilia lakini ikasikika upande mmoja tu, hilo si la foleni. Jaribu `/ip firewall service-port disable sip`.

Laini ya simu za mkononi ya 4G inahitaji uangalifu wa ziada, kwa kuwa kasi yake hubadilika kila saa. Bana kwa kasi ya jioni na ukubali hasara ya asubuhi. Ukiwa na kipanga njia cha Linux au OpenWrt, CAKE, kipanga foleni cha Linux, inafanya karibu yote haya kwa mstari mmoja wa upande wa kupakia:

```
tc qdisc replace dev eth0 root cake bandwidth 9mbit diffserv4 nat
```

Andika namba zako za `max-limit` mahali ambapo anayelipa bili ya intaneti ataziona. Laini ikipandishwa kutoka Mbps 20 kwenda 50 na hakuna aliyegusa mti wa foleni, ofisi italipia 50 na kuendelea kupata 17, na jaribio la kasi la fundi wa mtoa huduma, aliyechomeka kompyuta yake moja kwa moja kwenye modemu, litaonyesha kwamba kila kitu kiko sawa.